Mkojo wa Saa Saba Usiku

Saa saba usiku muuguzi alichuchumaa kando ya kitanda, akawasha kurunzi ndogo aliyoining'iniza shingoni, akafungua koki ya mfuko na kuumwaga mkojo wote kwenye kikombe cha kupimia. Akakiinua hadi usawa wa jicho. Akasubiri povu litulie. Hakusoma alama zilizochapwa kwenye mfuko wenyewe, maana mfuko ukilala upande hata kidogo, alama zile hudanganya. Kisha akasimama, akavua glavu, akanawa mikono, akaandika kwenye chati: 12.

Mililita 12 ni kama vijiko viwili vya chai na nusu. Saa sita alikuwa ameandika 19, saa tano 31, saa nne 40. Mimi nilikuwa daktari wa mwaka wa mazoezi, nimeketi mezani najaza fomu za maabara, na mara mbili nilikuwa nimepita kwenye chati ile nikaona presha, nikaona oksijeni, nisiuone mkojo. Yeye alikuwa muuguzi wa ICU kwa zaidi ya miaka 20. Aliniita kwa sauti ya chini, sauti anayoitumia mtu asiyetaka kuamsha nyumba.

"Dokta, njoo umtazame mama. Figo zinatuita."

Mama mwenyewe alikuwa na miaka 60 na ushei, kilo 50, mifupa ya mabega imechomoza. Karibu miaka 40 alikuwa amekaanga vitumbua kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Hakuvuta sigara hata siku moja. Watu husikia ugonjwa sugu wa mapafu wakafikiria sigara tu, lakini moshi wa kuni na mkaa hufanya kazi ileile polepole, na makovu ya kifua kikuu kilichotibiwa zamani nayo huchangia. Njia za hewa hubana, vifuko vya hewa hulegea kama mpira uliochoka, na mgonjwa hufika mahali ambapo kuvuta hewa anaweza, kuitoa ndiyo kazi. Safari hii alikuwa amepata homa ya mapafu juu ya ugonjwa wake. Aliletwa jioni akiwa hajui alipo, midomo ya buluu, tukampitisha mpira kooni na kumweka kwenye mashine ya kupumulia.

Mashine ile niliipanga mimi. Kipimo cha damu kilikuwa kimerudi na hewa ya ukaa nyingi, nami nikaona dawa yake ni hesabu nyepesi: apumue haraka zaidi, hewa chafu itoke haraka zaidi. Nikaweka pumzi 22 kwa dakika. Nilijisikia nimefanya jambo.

Sasa yule muuguzi hakuniambia nimekosea. Aliweka kiganja juu ya kifua cha mama na kukiacha pale, muda mrefu, kama mtu anayepima joto la mtoto. Halafu akanipa nafasi niweke changu. Kifua kilikuwa kimevimba na kusimama hivyohivyo, hakishuki. Akaninyooshea kidole kwenye skrini, kwenye ule mchirizi unaochora mtiririko wa hewa: unapanda pumzi inapoingia, unashuka chini ya mstari inapotoka, na taratibu unarudi kuugusa mstari pumzi inapokwisha. Wa mama haukuwa unaufikia mstari. Kila mara ulipokaribia, mashine ilisukuma pumzi nyingine.

"Hii haijaisha, dokta," alisema. "Tunamwekea nyingine juu yake."

Hesabu yake ni hii, na ningetamani kila daktari kijana aifanye kwa kalamu kabla hajagusa kitufe. Pumzi 22 kwa dakika maana yake kila pumzi, kuingia na kutoka, ina sekunde 2.7. Kuingia kukichukua sekunde 1, zimebaki 1.7 za kutoa. Mtu mwenye mapafu mazima zinamtosha. Kwa mama huyu ni sawa na kumwambia mtu mwenye ndoo ya matundu madogo aimwage yote kabla hujahesabu mbili. Kila mzunguko unabakiza hewa kidogo, hewa kidogo juu ya kidogo, mpaka kifua kinakuwa ghala lililojaa mpaka mlangoni. Ukishusha pumzi hadi 12, kila moja inapata sekunde 5. Mashine ikiingiza hewa kwa sekunde 0.9, mgonjwa anabakiwa na zaidi ya sekunde 4 za kutoa. Hewa anayopata kwa dakika imepungua, ndiyo. Hewa ya ukaa haitashuka haraka nilivyotaka, ndiyo. Lakini atamaliza kutoa pumzi.

Mwaka 1982 madaktari wawili wa Marekani, Paul Pepe na John Marini, waliandika juu ya shinikizo hili linalojificha kifuani mwishoni mwa pumzi, lisiloonekana kwenye geji ya kawaida ya mashine mpaka uizuie pumzi kwa makusudi mwishoni na kulipima. Waliliita shinikizo la siri. Muuguzi wetu sijui kama aliwahi kuwasikia. Yeye alikuwa amelijua kwa kiganja.

Presha ya mama ilikuwa 82 kwa 48. Mimi nikataja mambo mawili yaliyonijia kichwani: lita moja ya maji ya dripu, na dawa ya kukojoza. Naye akanijibu kwa adabu ambayo mpaka leo naithamini, kwa sababu ilinipa njia ya kurudi bila kuaibika.

"Tutampa, dokta, ukiamua. Ila kwanza tumpe nafasi atoe pumzi. Unaruhusu nimchomoe kidogo?"

Niliporuhusu ndipo nikaona kwamba mfuko wa kupumulisha kwa mkono ulikuwa tayari umeunganishwa na oksijeni, unaning'inia kichwani pa kitanda. Alikuwa ameuandaa kabla ya kuniita. Akatenganisha mpira wa kooni na mashine. Hewa ikaanza kutoka, mluzi mwembamba, ukaendelea, ukaendelea. Nilihesabu hadi 20 nayo bado inatoka. Kifua kikashuka mbele ya macho yetu. Alipomrudisha kwenye mashine, nikiwa nimeshaishusha hadi pumzi 12, presha ilianza kupanda. Baada ya dakika chache ilisoma 101 kwa 58. Akamfyonza makohozi, akampa salbutamoli kwa nebulaiza, na muda wote alikuwa akimsemesha: "Mama, nakusafisha koo kidogo. Mama, nakugeuza upande." Mama alikuwa kwenye dawa za usingizi, hasikii kitu kwa tunavyodhani. Alimsemesha vilevile.

Na dripu? Tulimpa mililita 250, tukasubiri, tukatazama.

Nimekaa sana kwenye usiku huu kwa sababu watu wengi, hata wa fani yetu, huona figo na mapafu kama vijiji viwili visivyopakana. Mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia, tunahesabu oksijeni. Siku ya tatu maabara inaleta karatasi kwamba figo zimeumia, tunashtuka kana kwamba ni ugonjwa mwingine umepanda basi njiani. Figo mbili za mtu mzima kwa pamoja zina uzito wa takribani gramu 300, lakini hupokea kama sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na huchuja karibu lita 180 kwa siku ili zitoe lita moja au mbili za mkojo. Kiungo cha namna hiyo hakiwezi kukosa habari za kifuani.

Tunapovuta pumzi wenyewe, kifua hupanuka, shinikizo ndani yake hushuka, na damu kutoka tumboni na miguuni hurudi moyoni kwa urahisi. Mashine hufanya kinyume: huisukuma hewa ndani. Shinikizo kifuani hupanda, mishipa mikubwa inayorudisha damu hubanwa, moyo hupata damu kidogo na kusukuma kidogo. Jambo hili si geni. Mwaka 1947, zamani kabla ya ICU yoyote, Drury, Henry na Goodman huko Marekani walipima figo za watu waliopumulishwa kwa shinikizo endelevu wakaona mkojo unapungua. Kwa mgonjwa mwenye hewa iliyonaswa, shinikizo hilo huongezeka zaidi bila mtu kuligusa, na presha inaposhuka figo huwa za kwanza kubana matumizi. Huzuia chumvi, huzuia maji. Mkojo unapopungua saa za mwanzo, figo bado hazijafa. Zinafanya kazi yake ya kulinda. Ndiyo maana saa zile ni za thamani.

Kuna na upande wa pili, ambao mimi niliuelewa kwa kukumbuka mifereji ya Wachaga kule mlimani Kilimanjaro. Maji hayapiti shambani kwa kufungua juu peke yake. Chini pakiwa pameziba, mfereji hujaa, shamba linageuka bwawa, na mahindi yanaoza miguu yakiwa ndani ya maji. Figo nazo zina mfereji wa kuingia na wa kutoka. Shinikizo la kifuani likipanda, damu hushindwa kutoka kwenye figo kwa njia ya mishipa ya chini, hurundikana, na figo huvimba ndani ya ngozi yake ngumu isiyotanuka. Daktari mwenye haraka akiona mkojo mdogo huongeza dripu. Anafungua juu wakati chini pameziba. Nimeona wagonjwa wakivimba uso na mikono kwa wema wa namna hii, na mkojo haukuongezeka.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na ni mgumu kuuandika kwenye mwongozo. Presha ileile ya 82 kwa 48 inaweza kuwa ya mtu aliyekaukiwa, ambaye lita ya maji ni uhai wake. Au ya mtu mwenye sumu ya maambukizi kwenye damu, anayehitaji dawa ya kukaza mishipa. Au ya mtu ambaye kifua chake kimejaa pumzi zisizokwisha. Chati ni moja. Kinachotenganisha ni mkono juu ya kifua, jicho kwenye mchirizi wa mtiririko, na mtu anayekumbuka kilichobadilishwa saa mbili zilizopita.

Halafu ipo habari ya hewa ya ukaa, ambayo ndiyo iliyonitia haraka. Mgonjwa wa miaka mingi huishi na hewa ya ukaa nyingi kwenye damu, na figo zake, kimyakimya, huwa zimemfidia: huhifadhi baikaboneti mwezi baada ya mwezi ili damu isiwe na tindikali. Ukimletea mashine na kuishusha hewa ya ukaa hadi kiwango cha mtu mwenye afya kwa usiku mmoja, baikaboneti ile yote hubaki pale, na damu hugeuka ikawa na ukali wa upande wa pili. Waliobobea hawakimbizi namba ya hewa ya ukaa. Hutazama tindikali ya damu, wakamrudisha mgonjwa kwenye kawaida yake yeye. Oksijeni nayo wanaiacha kati ya asilimia 88 na 92, si 100. Muuguzi wetu alikuwa akishusha oksijeni kila nilipoipandisha, na kila mara aliniambia amefanya hivyo na kwa nini.

Tufike kwenye kreatinini, kipimo tunachokiamini mno. Kreatinini hutoka kwenye misuli na figo huitoa nje; figo zikilegea, hupanda kwenye damu. Ila hupanda kwa kuchelewa, siku nzima au zaidi, na kwa mtu aliyekonda hupanda kutoka chini sana. Mama alikuwa na kadi ya kliniki ya miezi michache nyuma: mikromoli 58 kwa lita. Asubuhi ile maabara ilirudisha 97. Pembeni ya namba hiyo palikuwa na viwango vya kawaida, na 97 haikuwa imewekewa alama yoyote ya hatari. Kwa mwanamume mwenye misuli ya kubeba magunia ingekuwa figo nzima. Kwake ilikuwa imepanda zaidi ya mara moja na nusu, na kwa vigezo vya kimataifa vya KDIGO vya mwaka 2012 hilo tayari ni jeraha la figo. Vigezo hivyohivyo vinataja pia mkojo ulio chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani kwa mama mililita 25, kwa muda wa saa 6 mfululizo. Muuguzi hakuzisubiri hizo saa 6. Aliona 40, 31, 19, 12, akasoma mteremko.

Kesho yake kreatinini ilikuwa 131, ingawa mkojo ulikuwa umesharudi. Mimi nilikata tamaa. Yeye akaniambia kwamba karatasi ya maabara inasimulia habari za jana. Siku ya nne ikaanza kushuka. Siku ya sita tulimtoa mpira kooni.

Kazi nyingine aliyoifanya ilikuwa nje ya chumba, kwenye benchi la korido, na binti wa mgonjwa. Aliketi naye. Baada ya shikamoo na marahaba na pole, akamuuliza nyumbani mama alikuwa akinywa nini, na hakuuliza kwa namna ya kumkamatia mtu. Ikatoka polepole: diklofenaki za duka la dawa, kila siku, kwa ajili ya magoti, na chungu cha mitishamba wiki mbili zilizopita kwa ajili ya kifua. Diklofenaki hubana mshipa mdogo unaopeleka damu kwenye kichujio cha figo, na siku za presha nzuri figo huvumilia; siku presha imeshuka, huo ndio mshipa uliohitajika zaidi. Kwenye orodha yetu ya dawa kulikuwa na jentamaisini, nayo ya kuumiza figo, niliyoiandika jioni kwa ajili ya maambukizi. Tuliibadilisha saa ileile. Mambo haya hayahitaji mashine yoyote. Yanahitaji mtu anayejua kuuliza akajibiwa ukweli.

Ufundi huu wa kumtazama mgonjwa pumzi kwa pumzi ulianzia mikononi kweli. Mwaka 1952 polio iliikumba Copenhagen, na Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alitaka msichana wa miaka 12 katika hospitali ya Blegdam atobolewe koo, kisha akampumulisha kwa mfuko wa kuminya. Ilipofanya kazi, mamia ya wanafunzi wa udaktari waliitwa kukaa vitandani kwa zamu, usiku na mchana, kila mmoja na mfuko mkononi na mgonjwa mmoja mbele yake. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua katika mji huohuo wodi inayohesabiwa kuwa ICU ya kwanza. Huwa nawawazia wale wanafunzi. Aliyekuwa akiminya mfuko kwa mkono alihisi pumzi iliyokataa kutoka, kwa sababu mfuko ulikuwa mgumu viganjani mwake. Mashine zilipokuja zilichukua kazi ya mkono, na hisia ile ikabaki kwa wachache wanaomtafuta mgonjwa nyuma ya namba.

Sehemu ya ustadi ni kuacha. Kwa miaka mingi ICU duniani ziliwapa wagonjwa dopamini ya dozi ndogo kwa imani kwamba hulinda figo. Mwaka 2000 madaktari wa Australia na New Zealand walichapisha utafiti wa wagonjwa 328: dopamini haikulinda figo kuliko dripu isiyo na dawa. Dawa ya kukojoza nayo huondoa maji yaliyozidi, na kwa hilo inafaa, lakini haiponyi figo. Hufanya mfuko ujae na roho za madaktari zitulie. Na kabla ya mpira wa kooni kuna barakoa ya kubana usoni inayosaidia pumzi. Brochard na wenzake walionyesha mwaka 1995, kwa wagonjwa 85 wa ugonjwa sugu wa mapafu, kwamba kwa barakoa waliohitaji mpira wa kooni walipungua sana, na waliokufa pia. Barakoa nzuri inayoanza mapema, na mtu wa kukaa kando yake kuirekebisha isivuje, ni kinga ya figo ambayo hakuna anayeiita hivyo.

Figo zikishindwa kabisa kuna kusafisha damu kwa mashine, au kwa kutia maji maalumu tumboni na kuyatoa, njia ambayo Moshi, pale hospitali ya KCMC, imetumika kwa jeraha la figo la ghafla na kuokoa watu. Sitaki kuipita njia hiyo kana kwamba ni ndogo. Lakini mgonjwa mwenye mapafu mabovu akifika hapo mzigo wake umekuwa mzito mno, na usiku ule wa kikombe cha kupimia ndio uliokuwa nafasi.

Mwaka 2015 kundi la watafiti, wakiwemo wa Muhimbili, walichapisha kazi waliyoifanya kwenye ICU ya hospitali hiyo: wauguzi na madaktari walipewa utaratibu unaosema, dalili ya hatari ikionekana kwenye chati, fanya jambo hili mara moja. Dalili zenyewe ni zile za kila siku, presha, mapigo, pumzi, fahamu. Niliposoma kazi ile nilifurahi, kwa sababu ilichukulia kwa uzito kile ambacho muuguzi wetu alikuwa akifanya peke yake: kuifanya namba iliyoandikwa iwe na mtu wa kuiitikia.

Zamu ya usiku ule ilikwisha saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa hajapumzika tangu saa saba. Alimkabidhi mama kwa muuguzi wa mchana, kijana wa miaka michache kazini, na hakuanza na presha wala oksijeni. Alianza na mkojo, akisoma kwa kidole kwenye chati: saa nane 15, saa tisa 22, saa kumi 34, saa kumi na moja 38, saa kumi na mbili 45. Kisha akasema pumzi ni 12 na zisiongezwe bila kutazama mchirizi, jentamaisini imesimamishwa, binti yuko nje hajala.

Yule kijana alisikiliza yote. Halafu akavaa glavu, akachuchumaa, akafungua koki ya mfuko, akakiinua kikombe hadi usawa wa jicho lake na kusubiri povu litulie.